Kufuli Tatu na Masufuria ya Harusi

Kazi yangu ni kuwafundisha watu kuongoza pamoja. Ukiniuliza hiyo ni kazi gani, ujue hata baba yangu aliniuliza miaka nenda miaka rudi na hakupata jibu la kumtosha. Yeye alitoka bara akiwa kijana, akaajiriwa kwenye kiwanda cha korosho hapa Kilifi, akajenga Kibarani, akatuzaa huko. Kazi aliyoijua ni ile ambayo mtu akirudi jioni mikono yake inanuka kitu. Mikono yangu hunuka wino wa kalamu nene.

"Kwa hivyo wewe," alinambia siku moja akiwa barazani na redio yake, "unatoka hapa mpaka Malindi kwenda kuwaambia watu wakae duara?"

Nikamwambia kukaa duara ni mwanzo tu, baba.

"Haya," akasema. "Na wakishakaa?"

Nikaingia ndani kutafuta viatu.

Cheo changu ni mwezeshaji. Mwezeshaji si mwalimu, na hilo ndilo neno la kwanza ninalolisema kila nifikapo mahali, na kila mahali huniita Mwalimu. Mwezeshaji haamui, haamrishi, hajibu. Akiulizwa swali hulirudisha kwa wenyewe: "Je, wenzangu, nyinyi mnaonaje?" Nimelirudisha swali hilo Mnarani, nimelirudisha Ngomeni, nimelirudisha kwenye ukumbi wa hoteli Malindi ambako feni zilikuwa na maneno mengi kuliko washiriki. Mzee mmoja wa Mnarani aliwahi kunivuta kando akanambia kwa upole kwamba mtu asipojua jibu si aibu kusema hajui.

Kuna pia vichangamsho. Hivi ni michezo ya kuwaamsha watu baada ya chakula, na mtu aliyevitunga, popote alipo, hakuwahi kufika pwani. Mara yangu ya kwanza Ngomeni niliwasimamisha kina mama, wengi wao waume zao wako baharini wakati huo huo, nikapaza sauti kwa furaha: "Meli inazama! Shikaneni watatu watatu!" Hakuna aliyemshika mwenzake. Bibi mmoja alifunika kichwa kwa leso akaanza kusoma dua. Mwingine akatoka nje kutazama upande wa maji. Tangu siku hiyo tukiwa Ngomeni tunapiga makofi tu, basi.

Kikundi kilichonipeleka huko kilikuwa cha masufuria. Kwetu pwani mtu hapiki harusi peke yake. Kina mama wa mtaa hujikusanya, wakanunua masufuria makubwa ya kupikia pilau, sinia, majamvi na turubai, wakaviweka mahali pamoja. Mwanachama akiwa na harusi au matanga huvichukua, na pamoja na masufuria huja mikono. Ukienda kumenya vitunguu kwa mwenzio, siku yako atakuja kumenya kwako. Usipokwenda, utamenya peke yako na mtaa mzima utakusikia ukipiga chafya.

Masufuria ya Ngomeni yalikuwa chini ya mwenyekiti mmoja tangu kikundi kuanza. Mama mnene, mwenye sauti ya kumsimamisha punda, na ufunguo wa ghala aliufunga kwenye pindo la leso yake. Kupata sufuria ulikwenda kwake, ukasalimu, ukakaa, ukasikiliza habari za magoti yake. Kama mlikuwa na neno la nyuma, basi sufuria kubwa ilikuwa imetoboka. Ikitoboka kwako, wiki ya pili utaiona kwa jirani imejaa mchuzi, haivuji hata tone.

Alikuwako mwanachama mmoja mjane, muuza samaki wa kukaanga, ambaye alikuwa amemenya vitunguu katika kila harusi ya mtaa ule na hajawahi kuomba hata mwiko, kwa kuwa alikuwa na binti mmoja tu na binti alikuwa bado mdogo. Binti alipoposwa, mama akaenda mapema kuiomba sufuria kubwa, ile ya ng'ombe. Mwenyekiti akamjibu mbele za watu kwamba harusi ya kuku mmoja haihitaji sufuria ya ng'ombe. Neno hilo lilimchoma. Alinisimulia mwenyewe baadaye.

Ndipo nilipoletwa mimi. Mfadhili alikuwa tayari kujenga ghala jipya la mawe na kuongeza turubai, ila alitaka kwanza aone uongozi shirikishi. Nikawakalisha duara. Nikawaambia penye wengi hapaharibiki neno. Mwenyekiti, aliyekaa akiwa ameupa mduara mgongo nusu, akanijibu kwamba nahodha wengi chombo huenda mrama. Nikalirudisha kwa wenyewe: je, wenzangu, mnaonaje? Wenzangu wakatazama majamvi.

Mwishowe tukafikia kufuli tatu. Wenye vyama vya kuweka akiba wanaijua njia hii: sanduku moja, kufuli tatu, washika funguo watatu, na sanduku halifunguki mpaka wote wawepo. Nikasema tuufanye mlango wa ghala vivyo hivyo. Mwenyekiti atakuwa wa zamu, akibadilika kila baada ya Idi. Mkono wa kwanza kuinuka kuunga ulikuwa wa yule mjane, na aliuinua mpaka kwapa la dera likaachia uzi.

Ghala likajengwa. Fundi wa mradi alitia saruji kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga ya mgonjwa wa presha, lakini mlango ulikuwa mzuri, wa mvule, na kufuli zake tatu ziling'aa. Nikazipiga picha. Wiki moja baadaye nikarudi kufuatilia, nikakuta funguo zote tatu ziko kwenye pindo la leso ya mwenyekiti wa zamani. Washika funguo wakanieleza bila wasiwasi: mmoja alikuwa na safari, wa pili aliogopa watoto wasiuchezee, wa tatu alisema tu kwamba huko ndiko funguo huwa.

Nilikasirika, na mimi nikikasirika huandika. Nikatia katika katiba ya kikundi kifungu kipya: ufunguo hauazimwi wala hautumwi, ufunguo huenda na mshika ufunguo. Tukakisoma kwa sauti, wote pamoja, kama watoto wa chuo cha Kurani. Nilijiona nimefika.

Harusi ya binti wa mjane ikapangwa Jumamosi, katika Shaaban, mwezi ambao kila mwenye binti anakimbilia kabla Ramadhani haijaingia. Wakwe wangetoka Malindi, watu wenye duka na maneno. Masufuria makubwa yaliandikwa kwa jina la mjane, yote matatu, hakuna aliyepinga. Aliwaambia watu waziwazi kwamba siku hiyo anataka jambo moja tu, wakwe wale washibe, na mtaa uone wameshiba.

Wiki hiyo hiyo ofisi yangu iliandaa warsha Kilifi, kwenye hoteli ya upande wa pili wa daraja, kuonyesha vikundi vilivyofaulu. Ngomeni ndio walikuwa mfano bora. Washika funguo watatu waalikwe, waje na funguo zao, wazionyeshe. Warsha ingekwisha Ijumaa adhuhuri, kina mama wawe nyumbani kabla ya alasiri. Nikamwahidi mjane kwa mdomo wangu. Akanambia, "Mwanangu, nakuamini," na kwa kweli hilo ndilo neno ambalo mtu wa kazi yangu hapaswi kuambiwa.

Ijumaa adhuhuri ikafika, mgeni rasmi hakufika. Mkuu wa mradi, kijana wa Nairobi aliyevaa kikoi juu ya suruali kwa heshima ya utamaduni wetu, akatangaza kwamba mgeni atakuja Jumamosi asubuhi na hakuna anayeondoka. "Bila hao mama wa funguo hatuna stori," alinambia. "Hiyo ndiyo stori poa kuliko zote."

Simu ya mjane ikaingia tukiwa kwenye chai ya alasiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwalimu, funguo zi wapi?"

Nikaanza kueleza habari za mgeni rasmi.

"Sikukuuliza mgeni, mwanangu, mgeni ninao wangu. Ng'ombe keshachinjwa. Mchele umeshachaguliwa. Kesho alfajiri moto uwe unawaka, na wakwe saa sita wako mlangoni. Masufuria ya Mambrui yote yako kwenye harusi zao, nimeshapeleka mtu. Sasa mie nipike kwenye nini? Kwenye kofia?"

Nikamwambia atulie, tutashauriana. Akashusha sauti, akasema, "Mie ndiye niliyeinua mkono, mwalimu. Kumbuka hilo." Akakata.

Nilikuwa na ghadhabu juu ya mgeni rasmi, juu ya kikoi cha mkuu wa mradi na juu ya kifungu changu mwenyewe. Jambo lilikuwa jepesi: funguo zitiwe kwenye bahasha, apewe dereva yeyote wa gari la Malindi, zifike kabla ya magharibi. Pwani nzima watu hutuma dawa, simu, hata meno ya bandia kwa dereva. Nikawakusanya washika funguo kando ya bwawa la kuogelea, nikawaeleza.

Wa kwanza akasema sawa. Wa pili, mke wa mwalimu wa madrasa, mtu wa kushika neno, akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Ufunguo hauazimwi wala hautumwi," akasema. "Si weye uliyetusomesha?" Nikasema hii ni dharura. Akasema dharura haimo kwenye katiba, tuliisoma yote. Nikasema basi mnipe ruhusa niamue mimi. Wa tatu, ambaye ni mwakilishi wa vijana na ana mjukuu darasa la pili, akanikumbusha kwa adabu kwamba mwezeshaji haamui.

Sasa nitasema nini? Nikalirudisha kwa wenyewe: je, wenzangu, mnaonaje? Basi wakafanya yote niliyowafundisha. Wakachagua mwenyekiti wa kikao, na katibu, na mtunza muda, watu watatu vyeo vitatu. Wakapima maafikiano kwa vidole: vitano ni nakubali kabisa, ngumi ni napinga. Ikatoka mkono mmoja wazi, vidole viwili, na ngumi. Wakajadili sababu za ngumi. Mwenye ngumi, mke wa mwalimu wa madrasa, akalia, kwani bi harusi ni mtoto aliyemlea, lakini ngumi haikufunguka. Jua likaingia nyuma ya daraja, wazungu wakatoka majini, na kikao kikaafikiana kwamba kikao kiendelee baada ya swala.

Baada ya swala hakukuwa tena na gari la kwenda kokote.

Mgeni rasmi alifika Jumamosi jua likiwa limeshapanda. Alizungumza juu ya uongozi wa pamoja peke yake, kwa muda mrefu, na hapakuwa na nafasi ya maswali. Kisha washika funguo wakapanda jukwaani, wakainua funguo zao juu, ukumbi ukapiga makofi. Mwenye ngumi alikuwa anabubujikwa na machozi. Mkuu wa mradi akaninong'oneza kwamba hivyo ndivyo mafanikio yanavyogusa watu, akapiga picha.

Tukaondoka kwa gari la ofisi, tukapita Malindi. Tulipopita mashamba ya chumvi, gari likirukaruka, mke wa mwalimu wa madrasa aliukamata ufunguo wake kwa mikono miwili kana kwamba utaota mbawa. Mimi nilikuwa natunga kichwani maneno ya kuomba radhi, na kila sentensi ilikuwa na neno "changamoto". Akilini nilimwona mjane amesimama mlangoni na dera lake jipya, wakwe wakitazama sinia za wali mweupe wa kuokoteza, wa sufuria ndogondogo za majirani. Nilitamani gari liharibike.

Halikuharibika. Tulipoingia Ngomeni harufu ilitufikia kabla ya nyumba: pilau, bizari, nyama iliyoiva vizuri. Nikashuka mbio. Uani kulikuwa na meko matatu, na juu yake masufuria makubwa matatu yaliyojaa masizi, mawili tayari matupu, la tatu likikwanguliwa ukoko. Wakwe walikuwa wamelala kwenye majamvi chini ya turubai, vifungo vya kanzu vimefunguliwa, hawana neno.

Nikatazama ghala. Mahali pa mlango palikuwa na tundu kubwa jeusi, na vumbi la saruji chini.

Mlango wenyewe ulikuwa uani. Walikuwa wameung'oa na fremu yake yote, wakaulaza juu ya matofali, na kina mama walikuwa wameuzunguka wakikata vitunguu vya kachumbari ya awamu ya pili, ya wageni wa jioni. Kufuli tatu zilikuwa mahali pake, zimefungwa sawasawa. Kwa kanuni zote za mradi ule mlango ulikuwa umefungwa. Haukuwa ukutani tu.

"Nani aliamua?" nikauliza. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonitoka.

Wakatazamana.

"Hakuna aliyeamua," akasema mmoja.

"Tulikwenda kutazama tu. Tukausukuma kidogo."

"Ukuta ule ulikuwa mgonjwa, mwalimu. Ulikuwa unangoja sababu."

"Mie sikuwako," akasema mwenyekiti wa zamani kutoka kwenye kigoda chake. "Mie nilikuwa nimekaa hapa nasema nahodha wengi chombo huenda mrama."

"Alikaa!" wakapiga kelele wote kwa pamoja. "Tazama bega lake hilo, si vumbi la ukuta?"

Mwenyekiti wa zamani akajipangusa bega bila haraka. Alikuwa amekaa ubavuni mwa mjane, na wote wawili walikuwa wakila ukoko kutoka kifuniko kimoja. Sikuuliza walipatanaje. Labda hawakupatana, labda walikuwa na njaa tu.

Washika funguo wangu wakasogea. Mke wa mwalimu wa madrasa akasema bismillahi, akainama juu ya vitunguu, akafungua kufuli yake, akafuata wa kwanza, akafuata mwakilishi wa vijana, mmoja mmoja, kama katiba inavyotaka. Vigelegele vikapigwa ambavyo bi harusi mwenyewe hakuvipata. Kisha kila mtu akarudi kwenye kisu chake.

Mjane akanitazama. Nikafungua mdomo niombe radhi.

"Umekuja mikono mitupu?" akasema. Akanipa kisu na kunisogezea lundo la vitunguu saumu. "Kaa hapo, menya."

Nikamenya. Wakasikitika kwa namna ninavyomenya, wakanicheka waziwazi, na mwenyekiti wa zamani akaniuliza, "Na weye, mwalimu, kwenu chama chako ki wapi?"

Nikamwambia nimeunda vyama vingi, kuanzia Mnarani mpaka huku.

"Sikukuuliza ulivyounda. Nakuuliza ulichomo. Siku yako ikija, nani atakupikia?"

Nikasema siku hizi Kibarani kuna watu wa kukodi, wanapika, wanapakua, wanaosha na vyombo. "Wa kukodi," mwenyekiti wa zamani akarudia, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa. Mjane akaniongezea vitunguu saumu. Niliona uchungu, na sikuwa na mtu wa kumrudishia swali lile.

Ripoti niliiandika. Mkuu wa mradi alitaka kujua habari za mlango, nikaandika kwamba jamii imeumiliki kikamilifu. Alifurahi sana. Picha ya kufuli tatu niliyoipiga pale uani ndiyo iliyowekwa mbele ya kitabu cha mradi, na hakuna aliyeuliza kwa nini pembeni mwa picha panaonekana ganda la kitunguu.

Baba yangu alifariki mvua za masika zilipoanza. Alikuwa amesema azikwe hapa hapa Kilifi, asirudishwe bara ambako, kwa maneno yake, hajui tena mtu wa kumsalimu. Ndugu walianza kuingia Kibarani kwa mabasi, nyumba ikajaa, na mimi nilikuwa nimesimama jikoni mbele ya sufuria ya watu wanne. Watu wa kukodi walikuwa na harusi. Ofisi ilinitumia ujumbe wa pole uliosema tuko pamoja. Mwakilishi wa vijana wa Ngomeni alinipigia kuulizia warsha ijayo, nikamwambia nimefiwa, nikakata, nikarudi kuitazama ile sufuria.

Asubuhi yake lori dogo la kubebea chumvi lilisimama nje. Nyuma kulikuwa na masufuria matatu makubwa, mafungu ya kuni, turubai, na kina mama wa Ngomeni wamekaa juu yake wakiwa na visu kwenye mikoba. Mjane alishuka na ndoo ya vitunguu. Mke wa mwalimu wa madrasa alishuka na ufunguo wake shingoni, sijui wa nini, kwani nilijua mlango haukurudishwa ukutani. Wakaniuliza maji yako wapi, wakaniuliza wafiwa hawali nini, kisha hawakuniuliza tena. Muda si muda walikuwa wamekaa duara uani, chini ya dirisha la chumba alimolala baba, wanamenya.

Na wakishakaa? Nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwatazama, jibu ninalo sasa, na mwenye swali hasikii. Nililia kwa sauti, mara ya kwanza tangu afe. Kisha nikajifuta, nikachukua kisu, nikaenda kutafuta nafasi kati yao.

Mwenyekiti wa zamani akaninyang'anya kisu, akanionyesha jamvi la wafiwa.

"Kaa kule," akasema. "Leo si zamu yako."